Mkono Uliochelewa

Jumapili ile mkono wangu ulichelewa kunyooka. Haukuchelewa sana, labda sekunde tatu au nne. Lakini tawi letu la hapa pwani ni dogo, watu hatufiki hamsini, na anayesimama mbele anaona kila kiti. Aliyekuwa amesimama mbele ni mjomba wangu.

Alikuwa amependekezwa kuwa rais wa tawi. Kwa asiyelijua kanisa letu, jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na wengi huliita kanisa la Wamormoni. Kwetu hakuna kampeni wala wagombea wawili. Viongozi wa juu huomba, hushauriana, humwita mtu faraghani na kumuuliza kama yuko tayari kutumika. Jumapili jina lake husomwa mbele ya waumini: inapendekezwa kwamba ndugu fulani aidhinishwe, wanaokubali waonyeshe kwa kunyoosha mkono. Mikono hupanda. Kisha msomaji huuliza kama kuna asiyekubali, naye aonyeshe kwa ishara hiyohiyo. Hapo huwa kimya. Watu hutazama magoti yao kidogo, halafu ibada inaendelea.

Nimenyoosha mkono namna hiyo tangu utoto, kwa ajili ya walimu wa Jumapili, makarani, na manabii wa Marekani ambao sijawahi kuwaona ana kwa ana. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilijiuliza mkono wangu unafanya kazi gani. Kama jambo limeshaamuliwa, na aliyeamua ni Mungu, mimi naulizwa nini? Na kama naulizwa kweli, mbona sijawahi kusikia jibu la pili?

Sababu ya kuchelewa kwangu ilikuwa shamba. Miaka minne kabla ya hapo mjomba aliuza shamba la bibi. Bibi alikuwa amelazwa, bili zilikuwa zinapanda, na mnunuzi alitoa bei nzuri. Fedha yote ilikwenda hospitali, na bibi akapona. Hakuna aliyewahi kusema mjomba alikula hata senti. Lakini mama yangu na dada zake wawili walipata habari siku ambayo mnunuzi alikuwa anaweka mawe ya mipaka. Hawakupiga kelele. Walilisema jambo hilo jikoni tu, na mama alilisema kwa sentensi moja ambayo hajairudia tena: "Angetuuliza, tungekubali."

Nilikaa kanisani nikiisikia sentensi hiyo, huku mikono ya wenzangu ikiwa imeshapanda. Kisha nikanyoosha wangu.

*

Jioni ile nilichukua kitabu cha Mafundisho na Maagano, mkusanyiko wa mafunuo ambayo mengi yalitolewa na Joseph Smith, nabii wetu wa kwanza. Nilitaka kujua desturi hii ilitoka wapi. Niligundua kwamba ina umri sawa na kanisa lenyewe.

Kanisa lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York. Julai mwaka huohuo ulikuja ufunuo mfupi kwamba mambo yote kanisani yafanyike kwa ridhaa ya wote. Miezi miwili baadaye likazuka tatizo. Muumini mmoja, Hiram Page, alikuwa na jiwe ambalo alisema linampa mafunuo kwa ajili ya kanisa, na baadhi ya watu wazito wakaanza kumwamini, akiwemo Oliver Cowdery, aliyekuwa wa pili kwa Joseph. Jibu lilikuja katika ufunuo mwingine: ni mtu mmoja tu anayepokea mafunuo kwa ajili ya kanisa zima, naye ni Joseph. Lakini ufunuo huohuo, aya chache mbele, unarudia kwamba yote yafanyike kwa utaratibu na kwa ridhaa ya wote. Mkutano ulipokaa mwishoni mwa Septemba, waumini walimteua Joseph, kwa sauti ya mkutano, kuwa ndiye wa kupokea mafunuo.

Nililisoma hilo mara mbili. Watu walipiga kura kwamba kuna jambo moja ambalo halitapigiwa kura. Kiswahili kina methali kwa kila upande wa jambo hili: penye wengi hapaharibiki neno, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Mababu zetu waliziacha zote mbili bila kusema ipi itangulie. Wamormoni wa kwanza nao walifanya vivyo hivyo, wakaziandika katika ukurasa mmoja.

Kwa muda, mkono ulikuwa na nguvu kweli. Oktoba 1843, mjini Nauvoo katika jimbo la Illinois, Joseph alitaka kumwondoa mshauri wake Sidney Rigdon, ambaye hakumwamini tena. Alilieleza shauri lake mbele ya mkutano mkuu. Mkutano ukakataa, waumini waliamua Rigdon abaki. Joseph alisikitika, akasema kwamba yeye ameshautua mzigo huo na wao wamemtwika tena, basi waubebe wao. Lakini hakuufuta uamuzi wao. Rigdon alibaki kwenye nafasi yake.

Miezi minane baadaye, tarehe 27 Juni 1844, Joseph aliuawa na kundi la watu wenye silaha akiwa mahabusu huko Carthage. Nani amrithi? Tarehe 8 Agosti maelfu ya waumini walikusanyika Nauvoo. Rigdon alisimama akiomba awe mlezi wa kanisa. Brigham Young akasimama kwa niaba ya Mitume Kumi na Wawili. Watu wakanyoosha mikono, na wengi wao wakaenda upande wa Mitume. Kanisa linaloamini kwamba nabii huitwa na Mungu lilimaliza mgogoro wake mkubwa kuliko yote kwa kuhesabiana mikono uwanjani.

Ukitaka kuitetea demokrasia kwa kisa hiki, ngoja kwanza. Rigdon aliweza kusimama siku ile kama mtu mwenye cheo kwa sababu waumini walimkingia kifua mwaka uliotangulia. Kabla mwezi Septemba haujaisha alikuwa ametengwa na kanisa. Huenda Joseph ndiye aliyemjua, na mkutano ndio uliokosea. Lakini ulikuwa na haki ya kukosea, na nabii aliiheshimu haki hiyo.

*

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria asiye wa dini yoyote, aliniambia jibu ni rahisi: pigeni kura kama watu wengine. Sikukubaliana naye, na bado sikubaliani.

Kazi ya nabii, katika Biblia nzima, ni kuwaambia watu wasichotaka kusikia. Hakuna aliyempigia kura Yeremia. Kama Waisraeli wangepiga kura jangwani, wangerudi Misri kwa ushindi wa kishindo, na ndama wa dhahabu alikuwa mradi wa wananchi. Walio wengi huwa na njaa, huwa na hofu, na huwa na majirani wanaowachukia. Kusema kwamba ukweli ni kile wanachokubali wengi ni kumwacha aliye peke yake bila mtetezi. Ninaamini kwamba Mungu husema, na ninaamini kwamba mara nyingine humwambia mtu mmoja kwanza.

Lakini historia ya kanisa langu inanizuia kuishia hapo, kwa sababu inahusu ngozi yangu.

Mwaka 1836 mwanamume mweusi aliyeitwa Elijah Ables alitawazwa kuwa mzee katika ukuhani. Mwaka 1852 Brigham Young, akiwa rais wa kanisa na pia gavana wa Utah, alitangaza mbele ya bunge la eneo hilo kwamba watu weusi wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani. Bungeni humo, mtume Orson Pratt alipinga hadharani sheria ya utumwa iliyokuwa ikijadiliwa siku zilezile. Hakusikilizwa. Marufuku ya ukuhani haikuletwa kama ufunuo mbele ya waumini ili waikubali au waikatae. Ilitamkwa, ikazoeleka, na kila kizazi kikaikuta kama samani za nyumba. Ables aliomba baraka za hekaluni akanyimwa, akafa mwaka 1884 bila kuzipata.

Je, kura ingeizuia? Sidhani. Wazungu wa Amerika ya 1852 wangenyoosha mikono, na wengi wangenyoosha yote miwili. Ndiyo maana siwezi kumpa rafiki yangu ushindi. Walio wengi hawakuwa na macho makali kuliko kiongozi wao.

Mwaka 1904 rais wa kanisa Joseph F. Smith aliitwa kuhojiwa na kamati ya Seneti ya Marekani. Alieleza chini ya kiapo kwamba ufunuo unaokuja kupitia kiongozi wa kanisa hauwafungi waumini mpaka uletwe mbele yao nao waukubali. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 1890, mkutano mkuu uliponyoosha mikono kukubali tamko la Wilford Woodruff la kuacha ndoa za mitala. Lakini kipimo hichohicho kikiwekwa juu ya marufuku ya 1852, marufuku inabaki bila miguu. Ilidumu miaka 126 bila kupitia mlango ambao kanisa lenyewe lilisema lazima upitiwe.

Iliondolewaje basi? Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kabla ya 1978, huko Ghana na Nigeria kulikuwa na watu waliokuwa wamekipata Kitabu cha Mormoni, wakaanzisha makanisa yao wenyewe, na kuandika barua kwenda Utah wakiomba wabatizwe. Huko São Paulo, Brazili, kanisa lilikuwa linajenga hekalu katika nchi ambayo damu za watu zimechanganyika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani ana asili ya Afrika na nani hana. Waumini weusi wa Brazili walichangia ujenzi wa hekalu ambalo hawangeruhusiwa kulitumia kama wenzao. Maswali haya yote yalimfikia Spencer W. Kimball, rais wa kanisa.

Kimball angeweza kutamka tu. Kwa miezi kadhaa alifanya jambo la polepole zaidi. Aliwaita mitume mmoja mmoja na kuwauliza wanaonaje. Ufunuo wa 1835 unasema maamuzi ya mabaraza makuu yawe ya sauti moja, na yeye aliutii. Tarehe 1 Juni 1978 alikutana na mitume hekaluni, wakazungumza, wakaomba, wakakubaliana. Mmoja wa mitume wakati huo alikuwa Amerika Kusini na mwingine hospitalini. Nao walitafutwa wakaulizwa. Tarehe 30 Septemba jambo lililetwa mbele ya mkutano mkuu, na mikono ikapanda.

Mjomba alizaliwa mwaka 1971. Siku ile mikono ilipopanda huko Utah, alikuwa mtoto wa miaka saba asiyejua lolote kuhusu Wamormoni. Alibatizwa miaka ya 1990 akiwa kijana anasoma Nairobi. Mwaka 2009 Mkenya, Joseph W. Sitati, aliitwa kuwa mmoja wa viongozi wakuu wa kanisa zima, na mjomba alitupigia simu sote kutuambia, hata wale wasiosali nasi.

*

Kwa hiyo mimi ni mtoto wa mkono ulionyooshwa. Lakini kuna mkono mwingine unaonisumbua.

Oktoba 1977, katika mkutano mkuu wa Salt Lake City, mtu mmoja aitwaye Byron Marchant alisimama wasiokubali walipoulizwa, akasema hakubali. Alikuwa anaipinga marufuku dhidi ya watu weusi. Katika mwezi huohuo alitengwa na kanisa. Miezi minane baadaye marufuku iliondolewa.

Najua jibu linalotolewa, nami nimewahi kulitoa: alikuwa sahihi katika jambo lenyewe lakini alikosea namna ya kulileta. Siku hizi nikilisikia jibu hilo nauliza, basi namna sahihi ilikuwa ipi? Desturi ya sasa ni kwamba anayekataa huitwa pembeni na kiongozi wake, naye huulizwa kama anajua kosa lililotendwa na aliyependekezwa. Aprili 2015 watu kadhaa walipaza sauti ukumbini kwamba hawakubali. Aliyekuwa akiongoza alisema wamesikika, akawashauri wawaone marais wa vigingi vyao. Kama una habari za wizi au uzinzi, mlango huo unafaa. Kama unachosema ni kwamba uamuzi wenyewe si wa haki, kiongozi wa mtaani hana pa kuupeleka.

Novemba mwaka huohuo wa 2015 ilitolewa sera kwamba watoto wanaoishi na wazazi walio katika uhusiano wa jinsia moja wasibatizwe mpaka wafikishe miaka 18 na watimize masharti fulani. Miezi miwili baadaye kiongozi wa mitume, Russell M. Nelson, alieleza kwamba sera hiyo ilitokana na ufunuo. Aprili 2019, yeye akiwa rais wa kanisa, iliondolewa. Kuwekwa kwake hakukuletwa mbele ya waumini, wala kuondolewa kwake. Hakuna mkono uliopanda wala kushuka. Waliolia mwanzoni walilia peke yao, na waliofurahi mwishoni hawakuambiwa kama kilio kile kilikuwa na mchango wowote.

Ziko ndugu zetu waliochagua njia nyingine. Baadhi ya waumini ambao hawakumfuata Brigham Young walijipanga upya mwaka 1860 chini ya mwana wa Joseph, na leo wanaitwa Community of Christ. Wao pia wana nabii. Tofauti ni kwamba nabii wao huleta maneno ya ufunuo mbele ya wajumbe wa mkutano wao wa dunia, nao huyajadili na kuyapigia kura kabla hayajawa maandiko. Mwaka 1984 Wallace B. Smith alileta ufunuo wa kuwapa wanawake ukuhani. Ulipita kwa kura za wengi, na waumini wengi wakahama. Kura haikuzuia mpasuko. Mwaka 2025 kanisa hilo lilimweka wakfu Stassi Cramm, mwanamke wa kwanza kuwa nabii na rais wake. Siwatamanii machungu waliyopitia. Ila waliobaki walijua wamebaki katika nini, na walioondoka walijua wamekataa nini, kwa sababu wote waliulizwa.

*

Jumapili iliyofuata mjomba aliniita baada ya ibada. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha karibu naye kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini.

"Mjomba," aliniambia, maana huku kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo, "mbona mkono wako ulichelewa?"

Nilitafuta uongo wa heshima nikaukosa. Nikamwambia habari ya shamba. Nikamwambia sentensi ya mama.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema bibi angekufa wakati wao wanafanya vikao. Nikamwambia ni kweli, na kwamba hakuna anayebisha. Nikamuuliza kama anakumbuka binti watano wa Selofehadi, katika kitabu cha Hesabu sura ya 27. Baba yao alifariki bila mtoto wa kiume, na sheria ya Musa haikuwapa urithi wa ardhi. Walikwenda mbele ya Musa, kuhani na mkutano mzima, wakasema hilo si sawa. Musa hakuwatenga. Hakuitisha kura pia. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema wanawake wale wamesema haki, sheria ikabadilika.

"Unataka kusema mama yako ni binti Selofehadi?"

"Nataka kusema Musa hakulijua jambo lile mpaka walipokuja."

Hicho ndicho nilichokuwa nacho baada ya wiki nzima ya kusoma, na sina zaidi yake. Siamini kwamba mikono yetu hutengeneza ukweli. Lakini kila nikiangalia mahali ambapo nabii alipokea jambo jipya, naona kwamba kabla yake kulikuwa na mtu wa chini aliyefika na swali: mabinti wenye madai, Waghana wenye barua, Wabrazili waliochanga kwa ajili ya jengo ambalo wasingelitumia. Nabii asiyeweza kufikiwa na swali hilo anaweza kungoja miaka 126. Na mkono unaoweza kupanda upande mmoja tu haubebi swali lolote. Unabeba adabu, na adabu ni kitu kizuri, lakini kiongozi hawezi kujua kutokana nayo kama watu wako pamoja naye au wamekaa tu.

Wazee husema mkubwa ni jalala. Nilikuwa nikidhani maana yake ni kwamba mkubwa avumilie matusi. Sasa nadhani maana yake ni kwamba taka za watu ziwe na pa kutupwa, la sivyo zitabaki jikoni, kama za mama na dada zake.

Mjomba alikuwa akichora mchangani kwa ncha ya kiatu.

"Na kama ungekataa kabisa siku ile," aliuliza, "ungesema nini walipokuita pembeni?"

"Ningesema hayohayo niliyokuambia."

"Wangekuambia hayo ni mambo ya familia."

"Ndiyo. Pengine."

"Mimi ningekasirika sana," alisema. Akafikiri kidogo. "Lakini ningekuwa nimejua tangu siku ya kwanza."

Alisimama, akajikung'uta suruali, akaniuliza kama mama yupo nyumbani jioni. Nikamwambia yupo. Sijui walizungumza nini. Nilitumwa dukani kununua sukari, na niliporudi walikuwa wamenyamaza wote wawili, chai ikiwa mezani. Mwezi uliofuata alipendekezwa katibu mpya wa tawi. Mjomba alisoma jina, mikono ikapanda, wangu ukiwa miongoni mwayo. Kisha akauliza kama kuna asiyekubali, akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi, akatutazama benchi moja baada ya jingine, akangoja.